Mama Anajiandaa Kupanda Ndege

Jumatatu, 10 Machi 2025. Kakuma

Leo Daktari Wekesa amesema nilichokuwa nakiogopa tangu Januari. Uvimbe ulio kwenye ini la Mama umekua, umejaa maji, na hautaki mtikiso.

"Hadi Lodwar sawa, lami ni nzuri, mwende polepole," alisema. "Lakini kutoka Lokichar kushuka Kitale, dada, mashimo yale yakiupasua ndani, hutafika naye." Alikuwa akinitazama mimi, si Mama.

Hospitali ya Nairobi itampasua mwishoni mwa Aprili. Kitanda kimepatikana. Ni lazima aende kwa ndege.

Nilimtafsiria Mama kwa Kiturkana. Alisikiliza akitafuna tumbaku yake hadi mwisho, kisha akasema, "Ndege naijua."

Kweli anaijua. Mwaka niliozaliwa, wamisionari walimchukua kwa ndege ndogo kutoka kiwanja hiki hiki cha Kakuma, kwa sababu tumbo lilikuwa limevimba na siku hizo tumbo lolote lililovimba huku lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mbwa, uvimbe huu huu wa maji ambao watu huupata kwa mbwa. Nairobi wakakuta ni mimi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kama yeye mwenyewe hakujua. "Nilijua kuna mtoto," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Safari hii ni uvimbe kweli.

Mimi mwenyewe sijapanda ndege tangu wakati ule. Miaka yote ya Eldoret na Nairobi nilikwenda na kurudi kwa basi, na kwa kweli nilirudi mara chache. Nimehamia tena hapa Januari kwa ajili yake, nikapata nafasi ya kufundisha katika kambi ya wakimbizi. Tunaishi nyumba moja kama wageni wawili wenye adabu.

Alhamisi, 13 Machi

Joto. Nimesahihisha insha mpaka macho yanauma. Mama hakula jioni.

Jumapili, 16 Machi

Nyanut alikuja baada ya kanisa kutufundisha uwanja wa ndege.

Nyanut ni mwalimu mwenzangu. Aliletwa kambini mgongoni mwa shangazi yake na hajawahi kutoka. Mwaka jana alipita mahojiano yote ya kuhamia ng'ambo, akasoma darasa la wasafiri, akafundishwa kufunga mkanda wa kiti na kutumia choo cha angani. Januari safari zikafutwa. Begi lake bado limefungwa chini ya kitanda. Anajua kila kitu kuhusu safari ya ndege, isipokuwa safari yenyewe.

"Mathe, hii mlango ni mashine," alimwambia Mama, akionyesha mlango wa jikoni. "Mimi ni askari. Kuja. Simama. Toa viatu."

Mama anavaa akala za tairi. Alizitoa kwa taratibu ya mtu anayeingia kwa mkwe.

"Inua mikono."

Nilitafsiri. Mama akauliza, "Kwani mbuzi wa nani amepotea?"

Tulicheka wote watatu. Kisha Nyanut akagusa shingo ya Mama na kicheko chake kikaisha. "Akiru, na hii? Hii italia mpaka Juba wasikie."

Chini ya shanga zake, ambazo ni nyingi kiasi cha kumfanya ashike kichwa wima kama anayebeba maji, Mama ana pete nene ya shaba. Ni alagama, pete ya ndoa. Mwanamke huvishwa siku anapoolewa na haivuliwi mpaka mume afe. Mume wake, Ekuru, baba yangu, alihamisha mifugo kuelekea mpaka wa Uganda wakati Mama akiwa Nairobi ananizaa. Hakuna aliyeleta habari zake, nzuri wala mbaya. Bila habari hakuna kifo, na bila kifo hakuna mjane. Nimekua nikiitazama pete ile kama mlango ambao mtu amesahau kuufunga.

"Mama," nikasema, "uwanjani wanaweza kutaka uivue."

"Wewe umeshawahi kwenda huko?"

"Hapana."

"Mimi nimeshakwenda. Hawakuuliza pete." Akavaa akala zake. "Walitupima tu, kwa mizani ya mbuzi. Yule rubani alikuwa mkali kuhusu mizani."

Nyanut alicheka sana. Nami nilicheka, lakini nilikuwa nafikiria shaba.

Jumanne, 18 Machi

Nimesoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu ukaguzi. Mikanda, sarafu, vyuma mwilini, visu, maji, mafuta. Nimeandika maneno nitakayomwambia askari wa usalama, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuhusu desturi na heshima. Nayasoma nikipika. Mama ananiangalia.

"Unaomba?"

"Najiandaa."

"Na hilo andazi unalokula ni la ngapi?"

Nimerudi nyumbani kuhesabiwa mandazi.

Jumamosi, 22 Machi

Wingu kubwa upande wa Lorugum, halikuleta kitu. Mama aliacha uji wote kwenye kikombe, akaweka kisahani juu vizuri ili nzi wasiingie, kama anayemtunzia mtu.

Jumatano, 26 Machi

Kliniki. Kabla nesi hajamwita, Mama alikuwa tayari amesimama kwenye mizani. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, akanivuta mkono na mimi nipande.

"Mimi siumwi, Mama."

"Panda."

Nilipanda ili tumalize. Aliitazama sindano ya mizani kama anaweza kuisoma, kisha akanitazama kiunoni.

Daktari hakuridhika. "Anapungua haraka. Uvimbe unaweza kuondoa hamu ya kula, lakini si hivi. Akifika Nairobi bila nguvu hawatamgusa, watamrudisha. Mlishe. Maziwa, mayai, nyama. Hata kama ni kwa nguvu."

Nilimwambia Mama nje, kwenye kivuli. Sikumpunguzia neno: usipokula, hawakupasui, wasipokupasua, utapasuka wenyewe.

"Nitakula Nairobi," akasema.

Jumapili, 30 Machi

Mvua ya kwanza. Fupi, nzito, ikapita. Harufu ya vumbi lililolowa ilinifanya nitake kulia na sikujua kwa nini. Nilichinjiwa mbuzi na jirani, nikampikia Mama mchuzi wa ini. Alinusa, akasema ni mzuri, akanirudishia bakuli. Kisha, nilipoanza kula mimi: "Acha kidogo. Umenenepa huko mjini."

Niliinuka nikaenda nje. Nina umri huu, nina shahada, nimeacha kazi kwa ajili yake, na nilikuwa nimesimama kwenye matope na njaa kwa sababu mama yangu amenikodolea macho.

Alhamisi, 3 Aprili

Mto Tarach ulijaa alasiri. Laga iliyokuwa mchanga mtupu asubuhi ilishuka na miti mizima, na mbuzi mmoja wa mtu. Wanafunzi wanaoishi upande wa pili wa mto hawakuweza kurudi kwao, tukalala nao darasani. Kesho tunafunga muhula.

Jumatatu, 7 Aprili

Kaka yangu mkubwa, Aukot, alipiga simu kutoka Lokichar, anakoendesha lori la mkandarasi. Ni yeye aliyekata tiketi zote mbili. Nilimwambia hali ya Mama.

"Mwambie aivue hiyo pete kabla, Akiru. Usingoje aibu ya uwanjani. Mzee alishakwenda. Kila mtu anajua alishakwenda."

"Mwambie wewe."

"Mimi ni mwanamume. Siwezi kumwambia mama yangu avue alagama."

"Na mimi naweza?"

"Wewe umesoma," akasema, na simu ikakatika, au akaikata.

Jumatano, 9 Aprili

Mama ametoa shanga zake.

Nilitoka sokoni nikamkuta ameketi kwenye ngozi, shingo nyembamba kama ya kuku aliyenyonyolewa, na ile pete ya shaba imebaki peke yake juu ya mifupa. Shanga zote, za wasichana, za ndoa, za kuzaa, alikuwa amezigawa kwa wanawake wa jirani. Walikuwa wameondoka kimya, bila vigelegele. Mkono aliokuwa akishonea shanga ulikuwa umelala kwenye goti kama kitu cha mtu mwingine.

"Kwa nini?"

"Ni nzito."

Watu wanaojiandaa kufa hugawa vitu. Nilisema hivyo moyoni, na baada ya kulisema sikuweza kuliondoa. Kwa hiyo hiyo ndiyo maana ya kutokula. Amekubali ndege ili kunifurahisha, na amekubali kufa kabla ya kuipanda. Ameweka pete peke yake ili azikwe mke wa mtu.

Nilikaa karibu naye mpaka jua likatua. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira haikuja.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimemwomba Nyanut aje azungumze naye. Amekuja na nyama ya kukaanga na chapati. Alirudi nazo nyumbani, isipokuwa nilichokula mimi kwa kujificha nyuma ya tangi la maji.

"Wewe unaficha chakula kwa mathe yako?" akaniuliza.

"Ananihesabia."

"Na yeye hakuli. Na wewe anakunyima." Aliinamisha kichwa. "Pale darasa ya safari walituambia, mtu akiogopa sana, ataongea kuhusu kitu ingine. Umemwuliza anaogopa nini?"

"Anaogopa pete."

"Umemwuliza?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimemwambia mambo mengi. Kuuliza, sina hakika.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya matawi. Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Leo nilisema vibaya. Nilikuwa nimepanga begi: nguo, karatasi za picha za ini, sabuni. Alikuwa akitoa vitu nyuma yangu, kimoja kimoja. Blanketi nje. Akala za ziada nje. Kitabu changu nje.

"Mama, hiki ni changu."

"Kina uzito."

Nilimgeukia. Nilisema kwamba amemsubiri mwanaume ambaye labda ana mke mwingine na wajukuu huko Moroto, Uganda. Kwamba anaweza kufa na pete yake, lakini asinifanye mimi nimtazame akifanya hivyo kijiko kwa kijiko. Nilisema avue. Nilisema kwa sauti, na majirani ukuta wao ni mabati kama wetu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza daktari.

"Umemaliza?" akauliza. "Basi begi libaki hivyo."

Jumamosi, 19 Aprili. Lodwar

Tumefika. Dereva alikwenda polepole kama tulivyomwomba, na kila daraja lilipokaribia Mama aliweka viganja viwili juu ya ubavu wake wa kulia, kama anayebeba yai. Tulisubiri kwa muda mrefu kwenye laga moja mpaka maji yapungue. Wanaume walikuwa wameketi kwenye mawe wakibishana kuhusu nani aanze kuvuka. Mama hakunisemesha tangu juzi, ila pale: "Maji haya ni ya Akiru." Nimepewa jina la mvua. Sikujua kama ni msamaha.

Tunakaa kwa Mama Mugure, ambaye amekuwa na duka hapa Lodwar tangu kabla sijazaliwa na anaongea Kiturkana chenye lafudhi ya Murang'a. Alipomwona Mama alipiga makofi, akamsalimu kwa jina lake.

"Ejok, Akeno! Ni wewe au ni fimbo yako?"

"Ni mimi. Fimbo niliiacha Kakuma."

"Kaa chini. Hapa kwangu mgonjwa asipokula, mimi ndiye ninayekula mgonjwa."

Mama alicheka, akakaa, akanywa chai. Chai bila kitu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mama Mugure alipika pilau. Mama alikula vijiko vichache kwa heshima ya siku. Nilimwona akiitazama sahani yangu, nikaisukuma mbali. Nimeanza kutii bila kuambiwa.

Jumanne, 22 Aprili

Upepo na mchanga asubuhi, mvua jioni. Mama Mugure anasema wiki iliyopita ndege ilizunguka juu ikashindwa kutua, ikarudi na watu wake. Tukiikosa ndege ya Alhamisi, kitanda kinapewa mwingine.

Nimerudia maneno yangu ya askari mpaka yamekuwa kama ya mtu mwingine.

Jumatano, 23 Aprili

Anga safi. Naogopa kuiandika.

Alhamisi, 24 Aprili. Angani, kisha Nairobi

Nimeanza kuandika haya ndani ya ndege, mkono ukitetemeka kwa sababu ya injini, na namalizia wodini, Mama akiwa amelala. Nataka kuyaandika kwa mpangilio yalivyotokea.

Kiwanja cha Lodwar ni kidogo. Kuna chumba kimoja cha kupokea abiria, na ndani yake meza ya karani na mizani ya mizigo, sahani pana ya chuma sakafuni. Mashine ya kukagua iko mbele zaidi, mlangoni pa chumba cha kungojea. Niliiona mara moja. Ilikuwa na umbo la mlango wa jikoni yetu. Nilianza kuyasema maneno yangu midomoni.

Karani alikuwa kijana mwenye beji iliyoandikwa Omollo. Aliomba vitambulisho, akasema, "Weka mzigo hapo, madam."

Nikainama kuchukua begi. Nilipoinuka, Mama alikuwa ameshavua akala zake na kupanda juu ya sahani ya mizani. Alisimama wima, mikono ubavuni, akitazama mbele.

Watu wa foleni walianza kucheka, si kwa ubaya. Omollo naye. "Shosho, shuka! Hapo tunapima mizigo tu."

Mama hakushuka. Akaniambia kwa Kiturkana, "Mwambie asome."

"Mama, hawapimi watu."

"Mwambie asome, kisha ajumlishe na wako. Muulize kama inatosha sisi wawili."

Sikuelewa. Nilisema, "Inatosha nini?"

"Nimejipunguza mpaka hapa, Akiru. Shanga nimeacha. Chakula nimeacha. Na wewe nilijaribu kukusaidia upungue, hukutaka." Alizungumza kwa haraka sasa, kwa sauti ya chini, kama anayepatana bei na mtu mkali. "Kama bado imezidi, naivua hii. Ni shaba, ina uzito wake. Mwambie angoje kidogo, naivua. Lakini asikuache."

Na mikono yake miwili ikapanda shingoni ikaishika alagama. Ile ambayo nilimpigia kelele kwa ajili yake. Alianza kuipanua, na vidole vyake havikuwa na nguvu.

Nilimshika mikono. "Nani alikuambia wataniacha?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona." Alikuwa bado juu ya mizani, kwa hiyo alikuwa mrefu kuliko mimi. "Ile ya zamani tulikuwa wawili. Rubani alimpima kila mtu, mimi, mtawa, mgonjwa wa Lokichoggio, na Ekuru. Akahesabu, akaonyesha kwa kidole: huyu ashuke. Baba yako alishuka. Alikuwa na kigoda chake kwapani, amepaka mafuta, tayari kwa safari. Alisema, 'Utanikuta hapa hapa.' Ukame ukaja, mifugo haingoji mtu. Niliporudi na wewe mgongoni, kiwanja kilikuwa na punda tu."

"Hukuniambia."

"Ulikuwa unaniuliza pete."

Sikuwa hata nikimuuliza. Nilikuwa namwambia.

Omollo alikuwa ameacha kucheka. Sijui alielewa nini, hajui Kiturkana, lakini alikuwa amemwona mwanamke mzee akitaka kujivua kitu shingoni. Akauliza, "Kuna shida gani?"

"Mwambie hakuna anayeachwa," nilisema. "Mwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi haniamini."

Omollo alizunguka meza. Alimpa Mama mkono ashuke, kisha akanyoosha vidole viwili mbele ya uso wake, akavielekeza kwangu na kwake, akavipandisha juu pamoja kama ndege inavyoruka. "Wawili," akasema. "Wote wawili, mama. Siti zenu zinafuatana."

Mama alivitazama vidole vile kwa muda mrefu. Kisha akaachia pete.

Kwenye mashine ililia, kama Nyanut alivyosema. Askari wa usalama, mwanamke, alikuja na kifaa cha mkono, akakipitisha shingoni, nacho kikalia tena. "Hii inatoka?" akaniuliza.

Maneno yangu yote ya desturi na heshima hayakuja. Nilisema, "Mume wake hajafa."

Aliigusa kwa ncha ya kidole, akaizungusha kidogo kuona kama kuna kitu nyuma. "Sawa. Pita, mama. Pole na safari."

Hiyo tu. Msimu mzima, na ilikuwa hiyo tu.

Ndani nilimfunga mkanda jinsi Nyanut alivyotufundisha. Magurudumu yalipoachana na ardhi Mama hakutazama mawingu. Alibandika uso dirishani akatazama chini, kwenye ukingo wa kiwanja, mpaka ukingo ukaisha. Nilijua alikuwa akihakikisha nini. Nilimshika mkono na akaniruhusu.

Mhudumu alipita na biskuti na maji ya matunda. Mama aliuliza kama sasa wanaweza kugeuka kutushusha. Nilisema hapana, haiwezekani tena.

Akafungua biskuti zake, akazila zote, akilamba hata makombo ya kwenye karatasi. Kisha akanyoosha mkono, akachukua na zangu.